Tarehe Iliyokuwa Katika Daftari Letu



Majuma machache yaliyopita tulimzika mzee mmoja wa jumuiya ya huku juu, mlimani. Wasifu wa marehemu uliposomwa, mstari wake wa kwanza ulisema kwamba alizaliwa miaka ya thelathini, tarehe haikufahamika, na kwamba ameondoka akiwa na umri wa miaka 85 kwa makadirio. Hakuna aliyeshtuka. Tumekwisha kuzoea kuwasikia wazee wetu wakizikwa kwa makadirio.

Baada ya maziko tuliketi kihambani pamoja na wafiwa. Vijana waliweka nyimbo za Jim Reeves, kwa kuwa marehemu alizipenda mno, kama wanavyozipenda wazee wengi wa Moshi, Rombo, Hai na Siha. Mjukuu mmoja, kijana wa chuo, akaanza kutusimulia habari za waimbaji wale wa kantri. Alijua kwamba Jim Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923, na kwamba alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Alijua ya Don Williams, tarehe 27 Mei 1939, na ya Dolly Parton, tarehe 19 Januari 1946. Aliyataja yote pasipo kutazama simu yake. Tukamwuliza, "Na babu yako, mwanangu?" Kijana akainamisha kichwa, akasema kuwa kila walipomwuliza babu alicheka na kujibu kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna kahawa.

Babu huyo naye alikuwa mwanamuziki. Katika ujana wake, miaka ya 1950, alipanda treni ya Moshi kupitia Taveta hadi Voi, akaendelea Nairobi, akapiga gitaa la rithimu nyuma ya waimbaji waliokuwa wakirekodi santuri. Alilipwa shilingi zake, akarudi nyumbani kwenye migomba. Kwenye lebo ya santuri liliandikwa jina la mwimbaji peke yake. Mzee hakulalamika hata siku moja. Akiulizwa alisema tu, "Mimi nilikuwa nyuma."

Kesho yake asubuhi tuliingia ofisini, tukafungua daftari la zamani la ubatizo. Haikutuchukua hata nusu saa. Jina lake lilikuwapo, kwa Kilatini, kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya kahawia: amezaliwa tarehe 9 Novemba 1934, akabatizwa siku tano baadaye. Majina ya wazazi yalikuwapo, na la msimamizi wake pia. Mzee wetu hakuwa na miaka 85. Alikuwa amekwisha kuvuka 90. Na tarehe yake ilikuwa kabatini mwetu siku zote hizo, hatua chache kutoka kwenye benchi alilokaa kila Jumapili.

Ndugu zetu, hilo ndilo lililotusukuma kuandika tafakari ya juma hili. Tunataka kusema jambo moja: kuijua siku aliyozaliwa mtu aliyetupatia wimbo ni sehemu ya kumshukuru, na shukrani hiyo sisi tumeilipa kwa wageni, tukawanyima watu wetu wenyewe.

Hatuwalaumu wanaowapenda wageni. Sisi wenyewe tumekua tukisikiliza santuri zile, na kuna jambo la kujifunza kutoka kwa waliozitunza. Chukueni tarehe 8 Septemba, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1897, alizaliwa Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli anayeitwa na wengi baba wa muziki wa kantri. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1932, alizaliwa mwimbaji Patsy Cline. Na tarehe hiyohiyo, mwaka 1927, alizaliwa Harlan Howard, mtunzi aliyeshirikiana na Hank Cochran kutunga wimbo wa "I Fall to Pieces" ambao Patsy Cline aliuimba mwaka 1961. Mwimbaji anajulikana, na mtunzi naye, aliyekaa mezani na kalamu yake, anajulikana.

Hata wapiga vyombo wa studio, wale wanaokaa nyuma, wameandikwa. Anayeusikiliza wimbo wa "He'll Have to Go" wa Jim Reeves, uliotoka mwaka 1959, husikia kinanda kikimjibu mwimbaji kwa upole. Aliyekipiga ni Floyd Cramer, aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1933. Na siku Jim Reeves alipoanguka na ndege hakuwa peke yake. Alikuwa na mpiga piano wake, Dean Manuel, naye akafa hapo. Wengi wetu tumemlilia Jim Reeves miaka sitini bila kujua kwamba tulipaswa kuwalilia wawili. Hata hivyo, jina la Dean Manuel limehifadhiwa, na mwenye kulitafuta atalipata.

Mambo hayo hayakujiandika yenyewe. Mwaka 1927, kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, mtu wa kampuni ya santuri aitwaye Ralph Peer alikaa katika mji mdogo wa Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, akawarekodi watu wa vijijini waliokuja na magitaa na fidla zao. Jimmie Rodgers alikuwa mmojawao, na jamaa ya Carter vilevile. Miaka sita baadaye, tarehe 26 Mei 1933, Rodgers alifariki kwa kifua kikuu akiwa na miaka 35. Ugonjwa huo watu wa Kilimanjaro wanaufahamu vizuri, maana hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikiwapokea wagonjwa wake tangu mwaka 1926. Mwaka 1961 Wamarekani walianza kuwaandika wanamuziki wao wa kantri katika orodha ya heshima, na Rodgers akawa miongoni mwa watatu wa kwanza. Waliamua kutosahau, wakaweka watu wa kuifanya kazi hiyo.

Sauti ya Rodgers ilifika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika kwa Wakipsigis nchini Kenya akarekodi nyimbo walizoziita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers kwa matamshi ya Kikipsigis. Walikuwa wameisikia santuri yake, wakamgeuza kuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa, wakamwimbia kwa kinubi chao. Wimbo uliopendwa kuliko yote uliimbwa na wasichana. Katika kumbukumbu limetajwa jina moja, Chemutoi Ketienya, na wenzake wameitwa tu wasichana wa Kipsigis. Tazameni mizani hiyo. Rodgers, ambaye hakuwahi kufika Kericho, anajulikana hadi siku aliyozaliwa. Wasichana walioimba mbele ya mashine siku ile, pamoja na mama zao waliowazaa na kuwapa majina, wamebaki kundi.

Turudi kwetu sasa. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri za Kiswahili. Huo ni mwaka mmoja tu baada ya mkutano wa Bristol. Siti alizaliwa Fumba, inakadiriwa karibu na mwaka 1880, katika hali ya unyonge ambayo haikuwa na daftari. Habari zake nyingi tunazijua kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake. Wapigaji wake, Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Effandi na Maalim Shaaban, wanatajwa wanapotajwa kwa ajili yake. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 na kuombolezwa dunia nzima, hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Dunia ilimjua sauti na uso, na ilipofika siku ya kumwandika umri ikabaki kukisia.

Na hapa Moshi? Mwaka uleule wa 1927, mwaka wa Bristol na mwaka aliozaliwa Harlan Howard, alizaliwa hapa Moshi mtoto aliyeitwa Frank Humplick, baba yake Mzungu na mama yake Mchagga. Alijifunza gitaa, akaimba pamoja na dada zake Thecla na Maria, nao wakajulikana kama Frank na Dada Zake. Miaka ya 1950, kahawa ilipokuwa na bei na mkulima mwanachama wa KNCU aliweza kununua gramafoni, nyimbo zao zilisikika kutoka Moshi hadi Nairobi na Kampala. "Chaupele Mpenzi" ulikuwa mmojawapo. Inasimuliwa pia kwamba wimbo wake mmoja uliwapendeza sana wapigania uhuru hata serikali ya kikoloni ikapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya santuri zake. Frank Humplick alifariki mwaka 2007. Tumewauliza vijana wa parokia wanaotujua vyema Kenny Rogers na Dolly Parton. Katika kundi zima hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kulisikia jina lake.

Ukivuka mpaka wa Holili unaingia Taveta, na nyuma yake milima ya Taita, ambako tarehe 11 Novemba 1938 alizaliwa Fadhili William, aliyeirekodi "Malaika" na kuifanya ijulikane. Wimbo huo umeimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi kote duniani. Lakini nani aliutunga? Wapo wanaoshikilia kwamba ni Fadhili William mwenyewe, na wapo wanaosema ni Adam Salim, aliyedai kuutunga mwaka 1945. Wenyewe wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na ubishi umebaki. Wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za Kiswahili hauna cheti cha kuzaliwa. Hayo ndiyo matunda ya kutoandika kwa wakati.

Tunajua wapo miongoni mwenu watakaouliza, "Baba Paroko, haya yanahusu nini wokovu wa roho?" Ni swali la haki. Wengine watatukumbusha kwamba Kanisa huwaadhimisha watakatifu kwa siku waliyokufa, kwa maana ndiyo siku yao ya kuzaliwa mbinguni, na kwamba katika kalenda yetu wanaoadhimishwa kwa kuzaliwa hapa duniani ni watatu tu: Bwana wetu, Mama yake na Yohane Mbatizaji. Tena katika Maandiko sikukuu za kuzaliwa zinazotajwa ni za Farao na Herode, na zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa. Yupo na atakayesema kwamba nyimbo hizi ni za mapenzi na baa, hazistahili kutajwa karibu na altare.

Tuanze na hilo la mwisho. Hatuombi nyimbo hizo ziingie katika Misa. Misa ina muziki wake na kanuni zake. Tunazungumzia watu, na mtu aliyeumbwa na Mungu hapungukiwi heshima kwa kuwa alipiga gitaa la dansi. Ama kuhusu Farao na Herode, ubaya wao haukuwa kukumbuka siku walizozaliwa. Kila mmoja alijifanyia karamu mwenyewe na kuyachukua maisha ya mwingine kama kitoweo cha karamu hiyo. Sisi tunanena juu ya kuikumbuka siku ya mwingine, hasa yule aliyekaa nyuma, ambaye hajawahi kuandaliwa karamu.

Na kuhusu kalenda ya watakatifu, tukumbuke ni Kanisa hilihili linaloagiza tarehe ya kuzaliwa iandikwe. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 877, inamtaka paroko aandike katika daftari jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mhudumu, mahali na tarehe ya ubatizo, na pamoja na hayo tarehe na mahali alipozaliwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni za kwanza mlimani hapa kabla ya mwaka 1900 waliifanya kazi hiyo kwa kalamu ya wino na mwanga wa taa ya mafuta. Kwa wazee wetu wengi cheti cha ubatizo kilikuwa ndiyo hati pekee iliyosema walizaliwa lini. Mama Kanisa aliandika. Tuliolala ni sisi tuliopewa funguo za kabati.

Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kina orodha ya wanamuziki wa hekalu. Daudi aliwapanga kwa kura, makundi 24 yenye watu 12 kila moja, jumla watu 288, waimbaji kwa vinubi, vinanda na matoazi. Mwandishi ametaja majina ya viongozi 24. Waliobaki, watu 264, hawakutajwa kwa majina. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi na kuiona inachosha. Baada ya mazishi yale tuliisoma upya, tukamwona mzee wetu akiwa miongoni mwa wale 264. Mungu anawajua wote, hilo tunaliamini. Lakini imani hiyo haitupi ruhusa ya kuwa wavivu wa kalamu.

Nasi tunayo nafasi nzuri kuliko wengi. Kila Desemba, Watanzania wenzetu hutucheka kwamba Wachagga wanakwenda nyumbani kuhesabiwa. Mabasi yanajaa, barabara ya Moshi inajaa, na kila kihamba kinapata watu wake kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo. Tunaupenda utani huo, maana una harufu ya Injili ya Luka: Yosefu na Maria walikwenda Bethlehemu kuhesabiwa, na mtoto wao akazaliwa humo. Basi tukahesabiane kweli. Tukiwa tumeketi na mbege yetu na ndizi zetu, mtu mmoja katika kila ukoo achukue daftari, amwulize babu, bibi, shangazi: ulizaliwa lini, uliimba wapi, ulipiga chombo gani, ulimfuata mwimbaji gani, wimbo huu ulitungwa na nani? Asiyejua tarehe yake aje ofisini. Kuanzia sasa daftari za zamani zitafunguliwa kila Jumamosi asubuhi kwa ajili ya kazi hiyo, na katekista atasaidia kusoma Kilatini.

Yapo mengine mawili tunayoyaomba. La kwanza ni kwa kwaya zetu. Nakala za nyimbo mnazoimbia zimetolewa fotokopi juu ya fotokopi, hata ile kona ya juu penye jina la mtunzi imekatika. Rudisheni majina hayo kwa kalamu, wimbo kwa wimbo. Jumapili iliyo karibu na tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, tutayasoma kanisani majina ya watunzi na wapiga vyombo waliotuhudumia, walio hai na marehemu, kila mmoja na tarehe yake. Mpiga kinanda wetu, ambaye humwona padre mgongoni tu mwaka mzima, tutamwomba siku hiyo aje akae mbele.

La pili ni kwa mji wetu. Mwaka 2027 ndio mwaka wa 100 tangu Frank Humplick azaliwe hapa Moshi. Ni mwaka huohuo ambao Wamarekani wana sababu ya kuikumbuka Bristol yao. Walimu, wana kwaya, wenye redio na wenye magitaa, msiuache mwaka huo upite kimya. Ukipigwa hata wimbo mmoja wa Frank na Dada Zake, mtangazaji akataja majina yote matatu na mwaka wa kuzaliwa wa kaka yao, deni litakuwa limeanza kulipwa.

Sisi deni letu tumeanza kulilipa kwa aibu. Tulirudi kwa wafiwa tukiwa na cheti cha ubatizo mkononi, pamoja na jani la isale, kama ilivyo desturi ya Mchagga anayekwenda kuomba radhi. Mjane alilipokea jani, akakiangalia cheti kwa muda mrefu, ingawa macho yake hayasomi vizuri. Akatuomba tumsomee. Tulipofika kwenye tarehe alimwita yule mjukuu, akamwambia aishike kichwani kama alivyozishika zile nyingine. Fundi aliyekuwa ameagizwa msalaba wa kaburi alikuwa ameacha nafasi wazi kwenye mstari wa kuzaliwa. Sasa pameandikwa.

Tarehe 9 Novemba saa moja asubuhi kutakuwa na Misa kwa ajili yake. Ni siku ya kutabarukiwa kwa Kanisa Kuu la Laterani, na kwa familia moja ya parokia yetu ni siku babu alipozaliwa. Karibuni. Mwenye gitaa aje nalo, tutakaa kidogo nje baada ya Misa.

Tunawatakia juma jema. Mtakatifu Sesilia, utuombee.